Chipu ya Kupandia Mlima

Newala, 9 Julai 2001

Mtani wangu Awadhi, Myao usiye na shamba,

Salaam kwako na kwa Mama Shamila. Sisi huku juu ni wazima, na maji tunakunywa, kwa hiyo acheni kutusikitikia ninyi mlioishia bondeni.

Nimerudi kutoka Dar juzi na nimekuja na dawa ya gari langu. Inaitwa chipu. Ni kidude kidogo, kinaenea kwenye kiganja, kina taa ya kijani, na kinachomekwa kwenye waya wa injini. Aliyeniuzia kule Kariakoo anasema injini ndogo inapata nguvu za injini kubwa. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, Awadhi. Si kama enzi zetu tulipokuwa utingo wa lori la chama, tukingoja spea mpaka matairi yanaota majani.

Wewe mwenyewe ulisema gari langu ni swala kwenye tambarare na kobe mlimani. Nilicheka wakati ule. Tangu Machi sicheki. Dada yangu Veridiana alikufa kwenye kiti cha nyuma pale kona ya tatu ya mlima wa Newala, mimi niko nje nasukuma kwenye mvua, na hospitali ya wilaya iko juu palepale. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa mwanangu Bibiana, aliyeolewa Lukuledi, ana mimba ya kwanza. Unajua kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Tarehe 25 Agosti nitakwenda kumchukua nimpandishe mlima uleule, kwenye kiti kilekile. Safari hii gari halitanikatalia.

Nitakuletea chipu unifungie, au nifunge mwenyewe? Sema haraka.

Wako, mwenye nchi ya juu,
Silvesta

---

Masasi, 17 Julai 2001

Silvesta, mla panya mkubwa,

Barua yako imefika, na harufu ya panya wa kuchoma imo humo humo.

Hicho kidude nakijua. Mwenye teksi mmoja aliniletea cha namna hiyo mwezi uliopita, nikakipasua kwa kisu. Ndani mna rizista moja ya kubana umeme, ndogo kama punje ya mtama, na hiyo taa ya kupumbaza Wamakonde. Basi.

Sikiliza. Kuna injini zenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Huko chipu ya kweli ina la kufanya, maana inaiamuru tabo isukume zaidi. Gari lako halina tabo. Linapumua kwa mapafu liliyozaliwa nayo. Utaliambia nini? Livute hewa zaidi? Kwa pua ipi? Hata chipu ya kweli, ya wazungu wenyewe, kwenye injini kama hiyo ingekuongezea kitu ambacho mguu wako usingekitambua.

Na hiki chako si cha kweli. Kinakaa kwenye waya wa kipimo cha joto la hewa, kinaidanganya kompyuta ya gari kwamba nje kuna baridi. Kompyuta ikishadanganyika inamwaga petroli nyingi. Siku mbili tatu utajiona mfalme. Halafu plagi zinashika masizi, moshi unatoka mweusi, na injini inazimika pale inapobanwa, yaani mlimani. Ikizimika, usukani unakuwa mgumu na breki nayo inagoma. Mtarudi kinyumenyume mpaka makaburini, nami nitapanda huko kudai ada yangu ya utani kabla jeneza halijatoka nyumbani.

Lete gari nilisafishe. Au Bibiana apande basi.

Mtani wako,
Awadhi

---

Newala, 29 Julai 2001

Awadhi, fundi wa mikokoteni,

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale kwa Stamili muuza chai. Watu wamecheka mpaka Stamili akamwaga birika. "Kwa pua ipi?" sasa ni salamu ya mji mzima. Nikipita na gari watoto wanapiga kelele: "Kwa pua ipi?"

Chipu nimefunga mwenyewe. Taa inawaka. Gari linakwenda kama ng'ombe aliyesikia harufu ya zizi. Mlima nimeujaribu, nimepanda nimeshuka, na hakuna lililotokea la kukuandikia.

Bibiana kwenye basi, baba yake ana gari? Asimame katikati ya magunia na kuku, na tumbo lile? Hilo hata kwa utani usilirudie.

Ninyi Wayao shida yenu ni kwamba kitu kikitoka Dar bila kupitia mikononi mwenu hakifai. Una wivu, mtani.

Tarehe ni ileile.

Silvesta

---

Masasi, 6 Agosti 2001

Baba Bibiana,

Shikamoo.

Usicheke. Mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa na kuingia jandoni, na tangu tujuane hujawahi kunipa shikamoo hata moja, wala sikuidai, kwa sababu sisi ni watani. Leo nimeiandika mimi ili ujue kwamba utani nimeuweka chini. Sikuona njia nyingine.

Barua iliyopita niliiandika kwa mdomo wa utani na hilo ni kosa langu. Yale ya injini yote ni kweli. Yule mwenye teksi aliyeniletea kidude chake, gari lilimzimikia kwenye kilima kidogo tu cha Lisekese, hakuna hata kona. Alipona kwa sababu nyuma yake palikuwa na shamba la mihogo. Wewe kwenye mlima wako nyuma hapana shamba, na unapajua.

Chomoa kitu hicho. Ukiona haya kwa watu, kiache taa iwake, lakini kisishikane na waya wa injini. Ukija Masasi nitalishughulikia gari mwenyewe, na sitamwambia mtu.

Nakuomba kwa jina la mwanao.

Awadhi bin Mahmudu

---

Newala, 13 Agosti 2001

Awadhi,

Myao amenipa shikamoo! Nimeisoma kwa Stamili mara tatu, kwa maombi ya wasikilizaji. Mzee Mussa, dereva mwenzangu, amesema katika maisha yake hajaona utani uliopikwa ukaiva namna hii. Nami nimecheka nao.

Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilinitoka. Nimekaa na barua yako nimeiangalia upya. Siku ya msiba wa Veridiana ulikuja na jeki yako ukaiweka mbele ya jeneza, ukasema marehemu hatoki mpaka ulipwe, maana gari la kaka yake limeshindwa mlima. Watu wakacheka huku wanalia. Ilikuwa haki yako, mtani msibani ana ruhusa, nami nililipa. Sikukasirika siku ile.

Sasa unanipa shikamoo ya uongo na kulitaja jina la mwanangu akiwa na mimba. Unamtabiria mabaya. Utani una mpaka, bwana, na wewe umeuruka. Tarehe 25 nitapita Masasi vioo nimefunga. Habari za gari langu usiniandikie tena.

Silvesta

---

Newala, 15 Agosti 2001

Shemeji Awadhi,

Salaam. Ni mimi, Dominika, mama yake Bibiana. Silvesta hajui kama nakuandikia. Jibu lako mpe kondakta wa basi la asubuhi amkabidhi Stamili, lisipitie kwa mume wangu.

Nina swali moja. Uliyoyaandika ni utani au ni kweli?

Nauliza kwa sababu huku hakuna anayejua. Barua zako zinasomwa kwenye chai kama vichekesho. Hata ile ya shikamoo. Mimi nilikuwa nimekuja kununua maandazi, nikaisikia, na wenzangu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nilijiuliza, mtu anaweza kutania namna hii?

Yeye hakukuandikia kwamba gari limemzimikia mara mbili. Ya kwanza karibu na soko. Ya pili mlimani, akiwa peke yake, akalibania kwenye ukingo wa barabara. Alirudi shati limelowa jasho akaniambia petroli ya kwenye mapipa ndiyo mbaya. Moshi ni mweusi, nguo zangu za kwenye kamba zimepata madoa. Lakini usimwone mpumbavu, shemeji. Tangu Machi hajapita kona ya tatu bila kuzima redio. Alilisukuma gari lile hadi viatu vikabaki kwenye tope, na alipofungua mlango kumwambia dada yake "tumekaribia," hakukuwa na wa kumjibu. Mtu huyo ukimwambia kuna kidude cha kuongeza nguvu, atakinunua hata kama kingekuwa jiwe.

Kumkatalia safari siwezi. Mimi nitakuwa ndani ya gari, na mwanangu, na aliyemo tumboni mwake. Kama ni kweli, niambie nifanye nini. Kama ni utani, Mungu akusamehe.

Dominika

---

Masasi, 18 Agosti 2001

Mama Bibiana,

Ni kweli. Kila neno.

Usimwambie kabla ya safari, atabisha na kukificha. Kwenda Lukuledi ni mteremko kisha tambarare, mtafika. Kazi uifanye hukohuko, yeye akiwa anakaribishwa na wakwe.

Fungua boneti. Kwenye bomba nene jeusi linalopeleka hewa kwenye injini utaona kidude chenye taa, kimefungwa utepe mweusi. Kina soketi mbili, moja inaelekea kwenye bomba, ya pili kwenye waya za gari. Zichomoe zote mbili kwa kubana pembeni, usivute waya. Zilizobaki mkononi, ya bomba na ya gari, zimeumbiwa kukutana. Zisukume mpaka zilie "ta". Umemaliza. Taa haitawaka, lakini barabarani boneti imefungwa, nani ataiona?

La pili. Bomba hilo linaanzia kwenye boksi pana lenye vibanio. Ndani kuna chujio la hewa, sisi tunaliita ekilina. Naapa limejaa vumbi jekundu la huko kwenu, maana kila nikimwambia alisafishe ananiita mfua nguo. Litoe, ulikung'ute kama mkeka, ulirudishe. Gari litapumua. Dawa ya mlima ilikuwa ni hiyo tangu mwanzo, na haiuzwi Kariakoo.

Siku hiyo, mkiwa mnarudi, nitasimama kando ya barabara mnakoingilia Masasi. Nikiona moshi mweusi nitalala mbele ya gari, anikanyage au asimame.

Kuhusu ile jeki ya msibani. Nililisema lile neno kwa sababu mtani asipochekesha msibani ameutupa msiba. Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba yenu nikalia mpaka mwanangu Shamila akanitafuta. Sijamwambia Silvesta. Sisi hatuna namna ya kuambiana mambo kama hayo.

Awadhi

---

Newala, 28 Agosti 2001

Fundi Awadhi, mtabiri wa uongo,

Nilisema sitakuandikia, lakini ushindi haufichiki.

Tumepanda! Mimi, Mama Bibiana, Bibiana mwenyewe, mama mkwe wake, magunia mawili ya mahindi na kuku waliofungwa miguu. Gia ya pili mpaka kona ya pili, gia ya kwanza kona ya tatu, na injini inaimba. Moshi hakuna. Sikusukumisha mtu, sikushusha mtu. Pale kona ya tatu nilisema kwa sauti, "Vero, unaona?" Bibiana akafikiri nimepatwa na kitu.

Tulikuona umesimama kando ya barabara umeshika kiuno kama mdai. Nilikupigia honi ndefu. Ile honi ilikuwa tusi, kama hukuelewa.

Juzi Jumapili Bibiana amejifungua salama hapa hospitali, mtoto wa kike. Jina nimempa mimi, na unalijua bila kuambiwa.

Sasa, mtani, unadaiwa. Utapanda Newala na jogoo, utasimama kwa Stamili mbele ya watu, utasema: chipu imenishinda. Mussa ameshaagiza ya kwake Dar, ile injini yake nayo haina hiyo tabo yako. Na wengine wanauliza. Nikipata mtaji nitazileta mimi mwenyewe niuze.

Leo nimelala usingizi wa kweli. Tangu Machi, leo.

Silvesta, mpanda mlima

---

Newala, 7 Septemba 2001

Shemeji Awadhi,

Ndani ya bahasha hii utakuta kile kidude. Nilikichomoa Lukuledi wakati wanaume wanakula. Zile soketi zililia "ta" kama ulivyosema. Ekilina niliikung'utia kwenye shina la mkorosho, vumbi likatoka mpaka nikapiga chafya, na mama mkwe wa Bibiana akauliza natwanga nini. Kidude nilikifunga kwenye pindo la khanga, kikapanda mlima kiunoni kwangu.

Nilitaka kunyamaza milele. Anacheka, shemeji. Analala. Mtoto anambeba yeye kutwa. Ningewezaje kumwambia kwamba kitu alichokishukuru hakikuwepo?

Lakini Mussa ametumiwa cha kwake. Jana amekifunga, na kesho kutwa anapandisha watu wa arusi kutoka bondeni, wanawake na watoto wao wa mgongoni. Nikinyamaza nitakuwa nimewaua kwa ajili ya usingizi wa mume wangu.

Kwa hiyo leo nitamwambia. Nimemtoa mtoto usingizini nimempakata ili mume wangu asinipigie kelele. Sijui atasema nini. Kelele siziogopi. Naogopa akinyamaza.

Dominika

---

Newala, 16 Septemba 2001

Shikamoo, kaka Awadhi.

Hii ni ya kweli. Sijaisomea popote.

Dominika ameniambia. Sikupiga kelele. Nilikwenda kufungua boneti, nikaona waya zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na utepe wangu mweusi umekunjwa vizuri pembeni kama kitambaa. Nilisimama pale mpaka chakula kikapoa. Kisha nilikwenda kwa Mussa nikamchomolea cha kwake. Alinitukana, akasema nimemwonea wivu. Nikamwambia hayo nami niliwahi kuyasema. Watu wa arusi wamefika salama.

Ile shikamoo yako niliichezea mbele ya watu. Naona aibu, kaka.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya aibu. Nina swali, na tangu siku ile usingizi umenitoka tena. Nilipoinunua ile chipu nilijiambia: Silvesta, gari lilikuwa halina nguvu, ungefanya nini? Na tulipopanda Agosti nikapata uhakika. Chipu ipo tunapanda, chipu haipo Veridiana anakufa. Moyo ulitulia.

Sasa naambiwa gari limepanda bila kitu. Gari lilelile. Limekung'utwa vumbi tu na mwanamke, kwenye mkorosho. Mfua nguo nilikuita mara ngapi?

Niambie, na usinitanie. Siku ile ya Machi, kama ningelisafisha lile chujio, gari lingepanda?

Mdogo wako,
Silvesta

---

Masasi, 23 Septemba 2001

Marahaba, Silvesta.

Miaka yote nimeingoja hiyo salamu, na sasa nimeipata haina utamu wowote.

Nakujibu kama fundi. Lisingepanda.

Siku mbili baada ya msiba niliitwa kwenye mlima huohuo. Lori la saruji lilikuwa limekwama kona ya tatu, palepale, alama za magari yaliyotangulia bado zinaonekana. Lori lile lina tabo ya kweli, kutoka kiwandani, na injini yake ukiiwasha huku chini inasikika Lisekese. Lilisaga tope mpaka likalalia ekseli. Nilitumia jeki zote nilizonazo, ile ya kwenye jeneza ikiwemo, na mbao, na watu wa kijiji kizima, na halikutoka mpaka jua lilipowaka siku ya pili. Injini haikuwa na ugonjwa. Ardhi ndiyo iliyokataa. Agosti umepanda kwa sababu Agosti ni kukavu.

Chujio lako lilikuwa chafu, sikufichi. Lingekuwa safi ungefika kona ya tatu mapema kidogo, ukakwama palepale, ukashuka ukasukuma vilevile. Hakuna kilichobaki cha kufanya isipokuwa kusukuma, na ulisukuma. Ningekuwepo ningekuwa pembeni yako, nami viatu vingebaki.

Kama huamini, muulize Mussa, yeye ndiye aliyeleta zile mbao.

Jumapili napanda kwa basi, na jogoo. Usidhani umeshinda, ni wa mjukuu wetu Veridiana. Nitolee zile plagi nizione zina masizi kiasi gani, na mwambie Stamili aweke chai. Hii usiwasomee.

Awadhi